Maswali ya Wasomaji: Februari Nyumbu Hawapo Mto Mara

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: ni wapi pa kwenda kutazama wanyama katika miezi ya baridi? Baridi yenyewe, hata hivyo, si moja. Wenzetu walioko Ulaya na Marekani wanaposema baridi wanamaanisha Desemba hadi Februari, ilhali msomaji wa Mbeya au Njombe anamaanisha Juni na Julai, wakati wa kipupwe, na jibu la mmoja halimfai mwingine hata kidogo.

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, ninaishi Minneapolis pamoja na mume wangu, ambaye ni Mmarekani, na watoto wetu wawili wa miaka 7 na 11. Nilikulia chini ya Mlima Kilimanjaro lakini, nakiri kwa aibu, sijawahi kuingia hifadhi hata moja. Tumepata likizo ya wiki mbili kuanzia katikati ya Februari, na walimu wa watoto wameridhia. Wakala mmoja ametupangia siku nane: Tarangire siku tatu, Manyara siku moja, kisha kaskazini mwa Serengeti siku nne, ili tuone nyumbu wakivuka Mto Mara. Shemeji yangu anapinga; anasema twende Kruger, Afrika Kusini, au Botswana, kwa kuwa huko Februari ni kiangazi. Tumsikilize nani? Je, tukivuka Uganda au Rwanda, watoto wanaweza kuwaona masokwe wa milimani?

*Mama wa wawili, Minneapolis*

JIBU

Marahaba, dada. Msiwasikilize wote wawili, na wa kwanza muulizeni maswali zaidi kabla hamjamtumia malipo ya awali.

Nianze na shemeji yako, maana kosa lake linasameheka: neno kiangazi ndilo lililomponza. Sisi tukisema kiangazi tunafikiria jua kali na ardhi kavu. Kusini mwa bara letu miezi ya joto ndiyo hiyo hiyo miezi ya mvua, kwa hiyo Februari ya Kruger ni joto, mvua za mchana na kichaka kilichoshona majani, na simba anaweza kulala hatua kumi kutoka barabarani msimwone. Wanyama hawalazimiki kukusanyika kwenye mito, kwa kuwa maji yako kila mahali. Delta ya Okavango, ambayo ndiyo sifa kubwa ya Botswana, hufurika zaidi kati ya Juni na Agosti, baada ya mvua za nyanda za juu za Angola kusafiri kwa miezi hadi kufika huko. Sehemu ya Botswana inayopendeza mwezi Februari ni Kalahari, na huko si mahali ambapo ningempeleka mtoto wa miaka 7 kwa safari yake ya kwanza.

Kuhusu wakala wenu, ama hajui, ama anauza alichonacho. Nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Mwezi Februari makundi makubwa yako kusini kabisa, katika mbuga za majani mafupi zinazoanzia Ndutu na kuenea hadi eneo liitwalo Kusini na Mlima Naabi, mwendo wa kutwa kwa gari kutoka mtoni. Mngekaa siku nne ukingoni mwa Mara mkitazama viboko na mamba, ambao ni wanyama wazuri, lakini siyo mliowafuata. Tarangire nayo ina wakati wake. Tembo wake wengi hukusanyika mtoni kuanzia Julai hadi Oktoba, na mvua ikishanyesha wanyama wengi wa hifadhi hiyo hutoka na kwenda uwanda wa Simanjiro. Mibuyu mtaikuta, na tembo kadhaa pia, lakini siku tatu ni nyingi mno kwa mwezi huo.

Februari ni mwezi wa Ndutu. Nyumbu, wanaokadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, hurudi huko kila mwaka kuzaa, na sababu iko ardhini: majivu yaliyotapikwa na volkano za jirani, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, yameacha udongo wenye madini mengi na tabaka gumu lisilopitisha mizizi ya miti. Kinachoota ni majani mafupi yenye chokaa na fosforasi, chakula ambacho mama anayenyonyesha hakipati kwingine. Ndama wengi huzaliwa katika muda wa wiki mbili au tatu hivi, kwa kawaida mwezi wa Februari, na wingi huo wa ghafla ndio kinga yao, kwa sababu fisi na simba hushiba kabla hawajawamaliza.

Niliwahi kuendesha magari ya watalii, na Februari moja tulizima injini karibu na Ziwa Ndutu, yapata saa nne asubuhi, kwa ajili ya nyumbu mmoja aliyekuwa akilala na kusimama, akilala na kusimama. Kwato mbili nyeupe, laini kama ukwaju uliomenywa, zilikuwa zimekwisha kutangulia. Ndama alipodondoka alilala tu kwa muda, akiwa na utando mgongoni, halafu akajaribu kusimama, akaanguka kifudifudi, akajaribu tena, akaangukia ubavu. Fisi wawili walikuwa wameketi mbali kidogo, wametulia kama watu wanaongoja daladala. Katika jaribio la nne au la tano alisimama, miguu imetanuka kama vigingi, na baada ya dakika chache alikuwa akikimbia nyuma ya mama yake. Ndani ya gari hakuna aliyekuwa amesema neno. Ninakueleza haya pia kwa sababu ya watoto wako: si kila ndama anasimama kwa wakati. Duma, simba na fisi wote wako hapo kwa ajili ya ndama hao, na ni vyema wa miaka 7 aambiwe mapema kuliko kuyaona bila kutayarishwa.

Kwa hiyo mpango wenu uwe hivi. Mkitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, laleni Arusha ili mwili upate kuzoea saa za huku. Kesho yake pandeni hadi Karatu kwa lami, pumzikeni huko, kisha asubuhi ya siku ya tatu pitieni ukingo wa kasoko ya Ngorongoro na kuteremka Ndutu, ambako mtakaa usiku nne bila kuhama. Usiku nne si anasa. Makundi yale yanafuata mvua: ikinyesha upande wa mashariki yanasogea mashariki, ikikatika yanarudi kwenye miti kando ya maziwa, na mgeni wa usiku mmoja anaweza kuondoka ameona mavumbi tu. Mkirudi, teremkeni ndani ya kasoko kwa nusu siku. Ni bakuli lenye kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba 260 hivi, ambamo faru weusi bado wanaonekana, ingawa twiga hamtawaona, kwa sababu hawaishi humo. Mwulize wa miaka 11 afikirie ni kwa nini. Mchukue sweta na koti, kwani ukingo wa kasoko una baridi ambayo hata mtu wa Minnesota ataiheshimu alfajiri.

Muulize wakala, mpya au huyo huyo, kambi yenu iko upande upi wa mpaka. Ndutu yenyewe imo katika eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kiingilio cha huku hakikubaliki kule, na vibali huhesabiwa kwa saa. Kambi ikiwa upande mmoja na matembezi ya kila siku yakiwa upande mwingine, mtalipa mara mbili kwa siku. Upande wa Ndutu una faida nyingine, kwamba katika baadhi ya sehemu magari huruhusiwa kuacha barabara, jambo ambalo Serengeti limekatazwa kwa kiasi kikubwa. Ruhusa hiyo ina shimo lake. Udongo mweusi wa mabondeni ukilowa hushika gurudumu kama ugali wa moto. Mimi nilikwama humo kuanzia saa tisa alasiri hadi giza lilipoingia, na wageni wangu, wazee wawili, walikula ndizi tulizokuwa tumebakiza huku tukingoja gari la pili. Kwa hiyo ulizeni pia kama gari lina redio ya mawasiliano, maana simu haishiki kila mahali.

Kuhusu gharama, kama bado una pasipoti ya Tanzania utalipa kiingilio kwa shilingi kama raia, na tofauti ni kubwa sana. Mumeo na watoto, wakiwa na pasipoti za Marekani, watalipa kwa dola, pamoja na viza ya dola 100 kwa kila mmoja. Kuhusu afya, usijidanganye kwamba wewe ni mtoto wa nyumbani. Kinga ya malaria hupungua kwa mtu aliyekaa nje miaka mingi, na watoto wako hawanayo kabisa, kwa hiyo wote wanne mwoneni daktari kabla ya kusafiri. Mifuko ya plastiki acheni huko. Imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Masokwe wa milimani wasubiri. Umri wa chini wa kuwatembelea, Uganda na Rwanda pia, ni miaka 15. Siku zitakazobaki zipelekeni Unguja, ambako Februari upepo wa kaskazi bado unavuma na bahari ni nzuri, ila tazameni kalenda kwanza: Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari au karibu yake, na mchana mikahawa mingi ya mjini hufungwa.

SWALI

Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu hapa Mbeya. Likizo yangu ni Juni hadi mwanzoni mwa Julai, na kila ninayemwuliza ananiambia Serengeti. Ninalo gari dogo la kutembelea mjini, mke na mtoto wa kidato cha pili. Fedha si nyingi. Kweli ni lazima niende Serengeti?

*Mwalimu, Mbeya*

JIBU

Si lazima, Mwalimu, na kwa mtu wa Mbeya ningesema si busara. Nyumbani kwako ni Ruaha, na miezi uliyoitaja ndiyo miezi yake. Kusini kuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Ukienda Februari, kama dada yetu hapo juu, utakuta nyasi ndefu na njia za matope, lakini kufikia Julai majani yamepukutika, mabwawa yamekauka na wanyama wanaufuata Mto Ruaha Mkuu. Mto huo una habari ya kusikitisha ambayo kijana wako wa kidato cha pili anafaa kuifahamu. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka karibu kila mwaka ndani ya hifadhi kiangazi kinapofika mwisho, na sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchepushwa kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, ambayo wewe hupita karibu nayo kila unapokwenda Iringa. Mwezi Julai bado yapo maji. Katika mito ya mchanga, kama Mwagusi, mtaona tembo akichimba kwa mguu na mkonga, akingoja shimo lijae, akinywa taratibu kama mtu anayekunywa chai ya moto, na wanyama wengine wakisubiri zamu. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wako huko, na mwenye bahati humwona mbwa mwitu.

Gari lako dogo liache Iringa au Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kuelekea lango la hifadhi, ambako kuna malazi ya bei nafuu na magari ya kukodi yenye tumbo la juu. Ndani ya hifadhi, TANAPA wana mabanda Msembe. Omba nafasi mapema, kwa kuwa wakati huo ni wa likizo. Chukueni makoti. Gari la wazi saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai si mchezo, na nimewaona watu wakitazama simba kupitia tundu la blanketi.

Ukitaka zaidi ya hapo, Katavi ni bora kuanzia Agosti hadi Oktoba, viboko wanapobanana katika vidimbwi vya Ikuu, lakini barabara ni ndefu na siku zako nyingi zitaishia njiani.

SWALI

Ninaishi Likoni. Nina siku tatu tu kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tsavo au Amboseli?

*Msomaji, Mombasa*

JIBU

Tsavo. Amboseli inapendeza zaidi Januari na Februari, vuli ikishakwisha na Kilimanjaro ukionekana mweupe asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na kutoka Likoni siku zako tatu zitaishia barabarani. Panda treni hadi Voi, panga mapema gari la kukupokea, kisha siku ya kwanza na ya pili uwe Tsavo Mashariki, upande wa Bwawa la Aruba, ambako tembo hujipaka udongo hadi wakawa wekundu kama vigae. Ikiwa mvua zimechelewa kuisha, tembo hao watakuwa wametawanyika, na bei za sikukuu ni kali. Ukiweza kusogeza likizo hadi wiki ya tatu ya Januari utapata nafuu ya vyote viwili. Siku ya tatu vuka uende Tsavo Magharibi, kwenye chemchemi za Mzima. Maji yake hutokana na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu na kupenya miamba ya volkano hadi kuibuka hapo yakiwa safi kiasi cha kuona samaki wakiogelea kando ya kiboko, na sehemu yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Huenda ndiyo uliyopikia chai asubuhi ya leo.