Kwa nyinyi mnaoanza kufanya vipindi vya redio hapa Amu, yaani Lamu, na visiwani

Naandika haya kwa vijana ambao wameanza ama wanataka kuanza kufanya vipindi vyao wenyewe vya redio, vya siasa na haki na mila zetu, wale ambao hawajaajiriwa na stesheni yoyote, wanarekodi wenyewe alafu wanapeleka stesheni ya jamii ama wanarusha kwa magrupu ya WhatsApp. Hii kazi nimeifanya muda mrefu na kila mwaka naona wanaingia watu wenye moyo safi kabisa, na wengi wanaacha mapema, manake walidhani kazi yenyewe ni kukaa studio na kutoa maoni, alafu maoni yakiisha hawana la kusema. Mimi nawaambia shikeni jambo moja, mlifuate mpaka mwisho wake hata likichukua miaka, na kila mara muwarudie watu walewale waliowapa sauti zao. Kipindi cha jamii kinapata nguvu hapo.

Chukueni mfano wa bandari mpya ya Lamu. Wavuvi wetu walikwenda mahakamani 2012 kwa sababu ya ujenzi wake, na hukumu ya Mahakama Kuu ikatoka 2018 kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Siku ile kila redio ilikuwa hapa, za Nairobi, za Mombasa, na za ng'ambo. Alafu ikaja rufaa, yakaja mazungumzo, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, na katikati ya hayo yote nani alikuwa anamuuliza mvuvi wa Kizingitini sahii unavua wapi, unatumia mafuta kiasi gani kufika huko, watoto wako shule wanakwendaje? Hiyo ndo nafasi yenu, manake mwandishi wa Nairobi hawezi kurudi Kizingitini kila baada ya miezi mitatu lakini wewe unaweza, huenda una mjomba huko, unalala kwake. Ukirudi mara ya pili na ya tatu watu wanaanza kukwambia mambo ambayo mara ya kwanza hawakukwambia, na hayo ndo yenye uzito.

Na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, hapa hapa Lamu, megawati 1,050, leseni yake ilifutwa na jopo la kitaifa la mazingira (National Environment Tribunal) Juni 2019, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hebu fikirieni maana yake kwenu nyinyi watu wa redio. Kumbe swali la nani aliitwa mkutanoni, aliitwa kwa lugha gani, karatasi alizopewa alizielewa ama hakuzielewa, ni swali ambalo linaweza kusimamisha mradi wa mabilioni. Kwahivo mkienda kwa mkutano wowote wa serikali rekodini mwanzo mpaka mwisho, msirekodi hotuba ya mgeni rasmi tu mkaondoka, rekodini maswali ya kina mama na wazee wa nyuma, andikeni tarehe na pahali na muda ambao wananchi walipewa kusema. Mkitunza vizuri, miaka mitano baadaye ile rekodi inaweza kuwa ndo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Siasa wengi wenu mnaipenda kwa upande wa wanasiasa, nani kahamia chama gani, nani kamtukana nani, na mimi naona hilo ndo eneo linalopoteza muda wenu kuliko yote. Siasa inayomgusa mtu wa Faza ama Mkunumbi iko kwenye bajeti ya kaunti, na bajeti ina kalenda yake ambayo haijifichi. Karatasi ya mwelekeo wa fedha inafika bunge la kaunti mwisho wa Februari, makadirio yenyewe yanafika mwisho wa Aprili, na inatakiwa ipitishwe kabla Juni 30, manake mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sasa kipindi cha bajeti kinachorushwa Julai kina faida gani? Fanyeni Machi na Aprili, muwaambie watu wa wadi yao mkutano ni lini na wapi, mwaka jana waliahidiwa zahanati ama jeti na ilijengwa ama haikujengwa, nendeni mkasimame pale pale kwenye jeti murekodi. Kaunti yetu ina wadi 10 tu na sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, ni kaunti ambayo mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuijua yote.

Mkinyimwa jibu msikimbilie kusema hewani kwamba ofisi fulani imekataa. Andikeni barua. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 21, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni masaa 48. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mubaki nayo. Hata wasipojibu mna kitu cha kusema hewani ambacho hakuna wa kukikanusha, tuliandika tarehe hii na leo ni tarehe hii. Wanaojibu nao wapo, tena wengi kuliko mnavofikiri, wengine hawajawahi kuulizwa kwa adabu tu.

Sasa nije kwa jambo ambalo linanikaa moyoni sana, nalo ni usalama wa mtu anayewapa sauti. Tangu shambulio la Mpeketoni 2014 tumeishi na marufuku ya kutoka usiku, operesheni, familia ambazo mtu wao alichukuliwa hazikujua aliko, na watu wanataka kuyasema hayo. Vijana wanajifunza kwa intaneti kwamba ukibadilisha sauti kwa kompyuta ikawa nzito basi mtu amefichika. Hapa kwetu hafichiki. Mtu wa Siu anajulikana kwa maneno mawili, mtu wa Pate hivo hivo, Mbajuni wa Kiunga na Mbajuni wa Faza wanajuana, na ndani ya kijiji watu wanamjua mwenzao kwa namna anavovuta pumzi, kwa kile kineno anachokipenda, kwa hadithi ya boti iliyozama ambayo ni yake peke yake. Kwahivo kama jambo ni la hatari msirushe sauti yake kabisa. Yaandikeni maneno yake, mtoeni kijiji na kazi yake na idadi ya watoto, alafu asome mtu mwengine kutoka mbali, na kabla ya kurusha mrudieni mumsomee yeye mwenyewe mpaka mwisho. Akisema hapana ni hapana, hata kama kipindi ni kesho. Rekodi ya asili isikae kwa simu unayotembea nayo. Na habari za msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, saa ngapi yanatoka Hindi, mabasi yanangojea wapi, hizo hazina haja ya kuwa hewani hata kidogo.

Watoto walioumizwa msitaje jina, wala jina la mzazi, wala mtaa, wala madrasa ama shule.

Kuhusu simu za wasikilizaji moja kwa moja, hapo panahitaji mtu mzima. Katiba yetu kifungu cha 33 inatupa uhuru wa kusema na hapohapo inasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi na matamshi ya chuki, na sote tunajua Lamu ina maneno gani, nani mwenyeji nani mgeni, ardhi ya nani. Ardhi lazima izungumzwe, nawasihi muizungumze, lakini izungumzeni kwa hati na ramani na tarehe, sio kwa makabila. Mpokeeni mpigaji simu nje ya hewa kwanza, muulizeni anataka kusema nini, na fanyeni mazoezi ya kumkatiza mtu kwa heshima, ahsante baba hapo nakukatiza, kabla siku ya hatari haijafika. Mtu akimwita mwenzake mwizi hewani aliyesema ataulizwa na nyinyi mliorusha mtaulizwa pia. Mahakama 2017 iliondoa ile kesi ya jinai ya kuchafulia mtu jina lakini ya madai bado ipo, na stesheni ndogo ikitozwa fidia inafunga milango.

Kuna anayeniuliza mila na utamaduni vinaingiaje hapo, kwani si tufanye siasa tu. Nyinyi mmesahau kwamba miaka ya 70 mashairi ya uchaguzi wa Lamu Mashariki yalirekodiwa kwa kaseti yakazunguka, huyu anatunga leo, yule anamjibu baada ya siku chache, watu wanasikiliza majumbani na kwenye mabaraza. Hakukuwa na stesheni hapa, hakukuwa na leseni, ilikuwa rikoda na kaseti na watu wenye ulimi. Hiyo ndo asili ya kazi yenu. Kwahivo mpeni mshairi dakika tano ndani ya kipindi cha bajeti, mpeni mada wiki moja kabla, mtaona watu wanalikumbuka shairi wakati takwimu zenu zote zimesahaulika. Na mzee akisema kwa Kiamu chake ama Kibajuni msimrekebishe wala msimwombe aseme Kiswahili cha shule, wasikilizaji ni wake. Waaweer, watu wa msituni wa Basuba na Milimani, nao waulizeni kuhusu asali na msitu na watoto wao, isiwe kila ukifika ni njaa na usalama, njaa na usalama, watu wanachoka kusikika kwa shida peke yake.

Shughuli za wanawake zina stara yake. Vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, na ngoma za ndani hazirekodiwi hivi hivi, kuna bibi hataki sauti yake isikike na wanaume na hiyo ni haki yake. Lakini usipite kwa mumewe kuuliza kama atasema, muulize mwenyewe, na ikiwezekana aende msichana, baada ya Alasiri kazi za nyumba zikitulia. Tukizembea hapo kipindi kizima kinakuwa cha wanaume wa barazani, na hiyo si jamii, ni nusu yake.

Ya ufundi nayasema haraka. Maiki iwe ngumi moja kutoka mdomoni, simu iwe kwa hali ya ndegeni, na vaeni hedifoni wakati mnarekodi, msingoje kufika nyumbani ndo mgundue upepo umekula kila kitu. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, ufukweni hapafai kabisa, ingieni nyuma ya ukuta, na zile nyumba za mawe za Mkomani zina mwangwi, chumba chenye godoro na nguo nyingi ni bora kuliko sebule kubwa nzuri. Punda na injini za boti hamuwezi kuzizuia, zirekodini peke yake dakika moja, zitawasaidia kuunganisha vipande. Adhana ikianza simamisheni. Na mkitaka wavuvi ulizeni kwanza bamvua, yale maji makubwa, ni lini, manake wengine wanatoka wakati huo na wengine wanangoja maji mafu, yale madogo, ukifika siku isiyo yake utakuta nyavu zimeanikwa na mwenyewe hayupo.

Pesa ni ngumu, sitawadanganya. Nauli ya boti mpaka Kiunga peke yake inaweza kumaliza kila kitu, kwahivo ungeni safari zenu na za watu wa afya ama za harusi. Mtu wa kuhojiwa msimlipe, chai sawa. Mwanasiasa akitaka kugharamia kipindi na uchaguzi wa 2027 mbele yetu watakuja wengi, kataeni, na kama stesheni imekubali basi msikilizaji aambiwe mwanzo na mwisho nani kalipa, kwa jina. Bora mfanye kipindi kimoja kwa mwezi ambacho ni chenu.

Na mafaili yapeni majina siku ileile, tarehe, kijiji, mtu, jambo, muweke nakala mbili pahali tofauti, manake hewa yetu ya chumvi inaua diski. Nakala ya tatu mpelekeeni aliyezungumza, kwa memori kadi ama mumtumie mwanawe kwa simu. Wengi hawajawahi kupewa, wamehojiwa na watu chungu nzima na hawajasikia hata mara moja walichokisema.