Jibu: 1 + 3 + 5 mpaka 99 si 99 × 99, msimkaririshe mtoto hivyo

Hapana shekhe wangu, usimpe mtoto njia hiyo. Umeandika kwamba mwalimu wa tuisheni huko Chake Chake kakwambia, ukitaka jumla ya namba witiri kuanzia 1 mpaka 99, chukua ya mwisho uizidishe kwa yenyewe. Hili ndilo linalokula maksi.

99 × 99 ni 9,801. Haya, zihesabu hizo namba: ziko 50. Hata zote zingekuwa 99, jumla isingepita 4,950. Hiyo 9,801 imetoka wapi, kwa wauza jumla wa Darajani? Mwambie aijaribu kwa 1 + 3 tu, apate 9, tucheke sote.

Wananikera hawa. Ada wanapokea nzima, kanuni wanatoa nusu! Kanuni yenyewe ni ya kweli: jumla ya namba witiri kuanzia 1 ni mraba wa IDADI yake. Idadi, si ile ya mwisho. Kuipata, ongeza 1 kwenye namba ya mwisho, kisha gawa kwa 2. Kwa 99 ni 100 ÷ 2, yaani 50. Jumla ni 50 × 50 = 2,500, basi.

Wengine hugawa 99 kwa 2 bila kuongeza 1, wakapata 49 na nusu, nusu wakaitupa. 49 × 49 ni 2,401. Imepungua 99 barabara, kwa sababu namba ya mwisho imeachwa nje.

Kama mtoto haamini, mpe kete za bao, zote 64. Aweke 1. Aongeze 3: moja ubavuni, moja juu, moja kwenye pembe, huo mraba wa 2 kwa 2. Kisha 5: mbili ubavuni, mbili juu, moja kwenye pembe. Kisha 7: tatu, tatu na ya pembe. Pande mbili huongezeka sawa, pembe ni moja siku zote, ndiyo maana nyongeza haiwi shufwa hata siku moja. Akiweka 15 za mwisho, mraba ni 8 kwa 8 na mkononi hakubaki kitu. (15 + 1) ÷ 2 = 8, si unaona? Kwa njia ya tuisheni zingetakiwa kete 225, mabao matatu hayatoshi.

Hapo hapo anapata faida nyingine: kutoka 50 × 50 kwenda 51 × 51 hazidishi tena, anaongeza 50 na 51 tu, inakuwa 2,601.

Mtego mbaya zaidi ni swali lisiloanzia 1, mfano 21 + 23 + … + 59. Mpaka 59 ziko 30, mraba wake 900. Sasa aondoe zile zisizotakiwa, ambazo zinaishia 19, SI 21. Ziko 10, mraba wake 100. Jibu 800. Akikata mpaka 21 atatoa 121, abaki na 779, na ile 21 ya swali imekwenda na maji. Ahakikishe kwa kuzipanga mbili mbili: 21 na 59 ni 80, 23 na 57 ni 80, jozi 10 kwa jumla.