Kabla ya kolire, tochi na karatasi

Tangu jana mbwa wangu anafumba jicho moja. Ni jekundu na linatoa machozi. Farmasi wameniuzia kolire (dawa ya matone ya macho) ya deksametazoni na neomisini. Nianze leo? (Ndosho)

Hapana, iache kwenye kisanduku chake. Kufumba ni maumivu, na jicho moja linalouma ghafla huhesabiwa lina kidonda kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, mpaka kipimo kikatae. Mji wetu wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake lina ncha. Deksametazoni huzuia kidonda kufunga na huvipa nguvu vimeng'enya vinavyoyeyusha konea, ambayo unene wake ni kama nusu milimita tu. Likiyeyuka hivyo, jicho linaweza kutoboka kwa siku moja au mbili.

Mwombe veterineri (daktari wa mifugo) kipimo cha fluoresini, rangi inayoonyesha kidonda. Karatasi yenye rangi hulowanishwa kwa tone la serumu ya chumvi, ikaguswa kwenye weupe wa jicho. Isiguse konea, maana huacha alama ya uongo. Mbwa apepese, jicho lisafishwe mpaka maji yatoke bila rangi, kisha taa ya bluu iwashwe chumba kikiwa giza. Kijani kinachobaki ni kidonda.

Wengi hudanganyika hapa: ukingo ni kijani, katikati hapana rangi, wakadhani katikati kumepona. Kumbe kidonda kimefika kwenye utando wa mwisho wa konea, ambao haushiki rangi. Mbwa huyo apelekwe kwa veterineri saa hiyo hiyo, bila mnyororo shingoni, kwa sababu kubanwa shingo huongeza presha ndani ya jicho. Kidonda kisichofunga nacho kina sababu: baada ya tone la ganzi, kope la tatu, lile la ndani kwenye kona ya jicho, linyanyuliwe kwa kibano, mara nyingi kuna punje ya nyasi imejificha nyuma yake.

Macho yote mawili ya mbwa wangu yana tongotongo zito linalonata. Antibiotiki ikiisha, linarudi. (Himbi)

Pengine hakuna machozi ya kutosha. Karatasi ya kupimia machozi hukunjwa ncha, ikatundikwa ndani ya kope la chini kwa dakika 1. Mbwa mwenye afya hulowanisha milimita 15 au zaidi. 10 hadi 14 inatia shaka. Chini ya 10 pamoja na tongotongo hilo, ni ukavu wa macho. Kipimo hiki kitangulie vyote, kwani ganzi hupunguza machozi na maji ya kusafishia huyaongeza. Na kama amekuwa akimeza antibiotiki ya kotrimoksazoli, mwambie veterineri, maana dawa hiyo yenyewe hukausha macho.

Mbwa wa miaka 9, macho yamekuwa kama moshi wa bluu. Ni mtoto wa jicho? (Majengo)

Si lazima. Zima taa, weka tochi kando ya jicho lako, umwangalie kutoka urefu wa mkono. Ule mng'ao wa ndani, unaouona usiku barabarani, ukipita wote, lenzi imekomaa kwa uzee tu na anaendelea kuona. Ukizibwa na doa jeusi, hapo ni mtoto wa jicho.

Paka wetu mzee anagonga viti tangu asubuhi. Mboni zimepanuka, hazisinyai hata kwenye jua. (Katindo)

Macho yanaweza kuwa yanalipa deni la mwili. Kwa paka mzee, presha ya damu ikipanda hubandua retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Apimwe presha leo, kwa mkanda wa kipimo wenye upana wa asilimia 30 hadi 40 ya mzunguko wa mguu au mkia. Mkanda mwembamba hutoa namba kubwa ya uongo. Akae kwanza dakika 5 hadi 10 atulie, kisha vichukuliwe vipimo kadhaa na kupata wastani. Namba ya juu ikifika 160 tunahangaika. 180 ni hatari. Dawa ya kawaida ni amlodipini 0.625 mg kwa siku, yaani kidonge cha 5 mg kigawanywe mara nane, na hapo mkono wa veterineri unahitajika. Figo nazo zipimwe, mara nyingi ndizo chanzo. Retina ikirudi mapema, kuona kunaweza kurudi kidogo.

Maziwa ya mama yanafaa kusafishia? (Birere)

Hapana, yanalisha vijidudu. Tumia serumu ya chumvi ya 0.9%, ya vuguvugu, kwa pamba mpya kila jicho.