Sega la egzosi halipimwi kwa mizani

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi mwanafunzi wa kemia nakaa Kisauni. Ami yangu ana gereji Jomvu, juzi alitoa katalitiki konvata kwenye gari la zamani, lile sega la egzosi linalosafisha moshi, akalipima akaniambia uzito haujapungua kwa hivyo bado zima. Ni kweli? Na maabara wao hujuaje?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. La, mwambie ami kwa heshima zake mizani haimwambii kitu. Nazi nzima na iliyokunwa uzito ni mmoja, lakini tui utalipata kwa gani? Platinamu, ile metali iliyopakwa kwenye sega kusafisha moshi, nayo kazi hufanywa na atomu za juu tu, zile zinazoguswa na moshi, na sega likichomeka sana kwa miaka vile vipunje vidogo vinatembea vinashikana vinakuwa mabonge, metali ni ile ile ila nyingi imejificha ndani.

Sasa maabara wanazihesabu zile za juu kwa gesi inayoshikana nazo kikemia. Kipande kinasagwa, kinatiwa kwenye kijibomba cha kwatzi, kinasafishwa kwa haidrojeni na moto, kisha ile gesi ya kuhesabia, tuseme haidrojeni, inapulizwa dozi ndogo ndogo. Hapa ndipo mimi hupapenda sana: dozi ya kwanza haitoki upande wa pili, imeliwa yote, mstari kwenye skrini umelala tu, ya pili vile vile, ya tatu kinatokea kilima kidogo, halafu vilima vinaanza kulingana, ujue imeshiba. Jumlisha kilicholiwa. Kwa platinamu huhesabiwa atomu moja ya haidrojeni kwa atomu moja ya juu, basi kukiwa na atomu 100 na zilizoshika ni 40, mtawanyiko, yaani sehemu ya metali iliyo juu, ni asilimia 40. Ikirudi 5 hilo limechoka.

Lakini angalia sana, masega mengi yana paladiamu, metali nyingine ya kusafisha moshi, nayo hufyonza haidrojeni mpaka ndani, hesabu inaharibika, ndio wengi hutumia kaboni monoksaidi. Hiyo pia ina mtego maana siria, oksaidi ya siriamu iliyomo humo, nayo huishika, ukiamini namba hivi hivi utasema zima kumbe limekufa.

Kuna na vipimo vya kupandisha moto pole pole, tuseme nyuzi 10 kila dakika. Unapitisha haidrojeni asilimia 5 au 10 ndani ya gesi ya agoni unaangalia oksaidi ya metali inaanza kuila kwenye joto gani, ya kopa utaiona nyeusi inageuka nyekundu, na mvuke wa maji unaotoka lazima unaswe kabla haujafika kwenye kipimio. Au unainatisha amonia kisha unapasha: inayotoka mapema ilishikwa kilegevu, inayochelewa imeng'ang'aniwa na sehemu zenye asidi kali kwenye kipande.

Ami akikubali livunjwe msichukue kipande kimoja, toeni mbele kunakoingia moshi na nyuma pia, maana fosforasi ya oili hujazana zaidi mbele. Na vumbi lake msilivute, vaeni barakoa.