Ario naye alikuwa na Biblia

Ndugu yangu, unauliza Kanuni ya Nisea, lile ungamo la imani la mwaka 325, ni ya nini wakati Biblia tunayo. Ario, padre wa Aleksandria, naye alikuwa nayo, tena aliijua, akafundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na kuna wakati hakuwapo. Maneno ya kanuni "Aliyezaliwa bila kuumbwa" yaliwekwa kumzibia mlango huohuo. (Sehemu ya kanuni inayomhusu Roho Mtakatifu ilirefushwa kwenye mtaguso wa Konstantinopoli, 381.)

Juzi kwenye daladala ya Igoma, hapa Mwanza, mhubiri alitwambia Utatu ni kama ziwa letu: maji, mvuke, na barafu ya kuwekea sangara pale soko la samaki la Mwaloni. Abiria amina! Mfano mtamu, ila ni kosa la Sabelio, mwalimu wa karne ya 3: Mungu mmoja anayebadilisha sura, si Nafsi tatu. Ukiijua kanuni, unamshtukia kabla hamjafika Mabatini.