Mdogo wangu yuko form wan, kusoma bado

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 15, yuko form wan hapa Morogoro, ukimpa gazeti anasoma silabi ya kwanza afu zilizobaki anabuni. Tuisheni wanamkazania biolojia na hakuna kinachoingia. Bado anaweza kujua kusoma au ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anaweza kabisa, asikudanganye mtu kwamba kachelewa. Ila hiyo tuisheni simamisheni kwanza, biolojia ya form wan iko kwa Kiingereza na yeye hata Kiswahili hajakikamata.

Mpime kwanza, mkae wawili tu, silabi, maneno, aya fupi, afu hadithi ya darasa la pili. Shirika la Uwezo, wale wanaopima watoto kama wanajua kusoma, wanapima hivyo hivyo watoto wa miaka 7 mpaka 16, kwa hiyo hakuna cha aibu hapo. Anapokwama ndo mnapoanzia. Shirika la elimu la Pratham kule India wanawapanga wanafunzi kwa kiwango cha kusoma, darasa wanaliweka pembeni, na njia hiyo imefika mpaka Zambia.

Kwa unavyoeleza nahisi ba be bi bo bu anazijua, zinazomtesa ni mb, nd, ny, ng', dh, gh, mw, kw na zile ndefu kama njw. Fundisha moja moja kwa mpangilio, asihame mpaka aisome bila kusita na aiandike ukimtamkia, na ngoma na ng'ombe zisomeni pamoja asikie tofauti. Halafu maneno marefu, jamani hapa ndo wengi wanaanguka, maana Kiswahili kinabeba sentensi nzima kwenye neno moja! Hawatanisaidia, afunike kwa kidole afungue kidogo kidogo, ha-wa-ta-ni-sa-i-di-a, kisha alisome zima. Akibuni usimtajie, mrudishe kwenye silabi.

Nusu saa kila siku inatosha. Vitabu vya sungura na fisi hapana, ana miaka 15, ataona mnamdhalilisha. Mwandikie mwenyewe aya za Simba na Yanga kwa silabi alizokwisha kuzisoma, arudie mpaka zitiririke.

Macho na masikio yakapimwe hospitali. Mwalimu wake wa Kiswahili mwambieni ukweli, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kwa sasa.

Akisoma aya nzima na kukusimulia imesema nini, hapo mrudisheni kwenye Kiingereza, nacho kianzie kwenye sauti za herufi, maana kule herufi moja inatamkwa hivi hapa na vingine pale.