Shaba Inayokunjwa Kama Protini: Maswali ya Wasomaji wa Lubumbashi

Tangu nilipoandika hapa kwamba mafundi wetu wa shaba wanaweza kuyafanyia kazi maumbo ya protini, barua zimenifikia kutoka karibu kila komini ya mji. Nimechagua chache, na nyingine nimezifupisha.

Mimi ni mfua shaba wa Ruashi. Mwalimu wa mwanangu alinionyesha picha ya protini iliyochorwa kama utepe unaojisokota. Je, utepe huo upo kweli mwilini?

Ndugu yangu, utepe haupo. Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20, zilizofungamana moja baada ya nyingine, na mnyororo huo hujikunja hadi upate umbo linalouwezesha kufanya kazi yake. Ukichora kila atomu utapata rundo ambalo jicho haliwezi kulifuata. Ndiyo maana mwaka 1981 Jane Richardson wa Marekani alichapisha michoro aliyoichora kwa mkono, ambamo sehemu zinazozunguka kama hesi ya skurubu alizifanya utepe uliosokotwa, na sehemu zilizolala sambamba alizifanya mishale bapa. Programu za kompyuta za leo zinafuata uamuzi huo wa mchoraji mmoja.

Nawe basi una haki ya kuchagua utakachoacha, mradi njia ya mnyororo ibaki ilivyo. Usiinyooshe ili ipendeze. John Kendrew na wenzake wa Cambridge walipoonyesha umbo la mayoglobini, protini ya misuli, mwaka 1958, mfano wao ulifanana na matumbo yaliyojiviringa, wala haukuwa na ulinganifu waliokuwa wameutarajia. Vurugu ile ndiyo iliyokuwa kweli.

Sina kompyuta, nina simu, koleo na waya wa shaba. Nianze na protini gani, na vipimo navipata wapi?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu wataalamu wenyewe walianza na waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Byron Rubin alibuni kifaa cha mkono cha kupinda waya ili ufuate mnyororo wa protini, pembe kwa pembe. Katikati ya muongo huo, mifano miwili ya namna hiyo iliwekwa pamoja katika mkutano mmoja: wa kwanza ulikuwa wa kipande cha kingamwili, na wa pili wa superoksidi dismutasi, kimeng'enya chenye shaba na zinki ambacho kimo hata ndani ya seli zetu. Waliokuwapo waliitazama mifano hiyo, wakatambua kwamba protini hizo mbili zimekunjwa kwa namna moja, ingawa asidi amino zao hazifanani sana. Mkono na jicho viligundua jambo ambalo orodha ya asidi amino ilikuwa imelificha.

Anza na insulini. Ina asidi amino 51 tu, katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Umbali kati ya asidi amino moja na inayofuata ni kama angstromu 3.8, na angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Ukiifanya angstromu moja iwe sentimita moja, mnyororo mfupi utahitaji waya wa sentimita 76 na mrefu sentimita 110, nawe uongeze kidogo kwa ajili ya mizunguko. Penye hesi, zungushia waya kwenye bomba lenye upana unaokaribia sentimita 4.6, kisha uvute hadi kila mzunguko upae kwa sentimita 5.4. Chagua bomba jembamba kidogo kuliko hapo, kwa maana waya hurudi nyuma ukiuachia. Wewe unajua kuliko mimi kwamba shaba ikipindwa mara nyingi hukakamaa. Ipashe moto hadi iwe nyekundu, itakuwa laini tena. Mwisho, lehemu madaraja matatu ya salfa: mawili yanayounganisha minyororo, na moja ndani ya ule mfupi. Usiyasahau, kwa kuwa ndiyo yanayoishikilia insulini isiachane.

Vipimo vya protini nyingine vimo katika hazina iitwayo Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo hufunguliwa bure hata kwa simu.

Mtoto wangu ana ugonjwa wa seli mundu. Ninatarizi bikwembe (vitenge), na ningependa kutarizi ugonjwa huo ili majirani wauelewe. Je, inafaa? (Mama wa Katuba)

Mama, inafaa sana, na kuna waliotangulia katika njia hiyo: mwaka 1951, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Uingereza, viwanda vilitengeneza vitambaa kwa mapambo yaliyotokana na ramani ambazo wanasayansi walizichora kutokana na fuwele, zikiwemo za insulini na za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni.

Hemoglobini ina minyororo minne. Katika ugonjwa huu, mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146, hubadilika mahali pamoja tu, pa sita, ambapo asidi ya glutamiki huachia nafasi yake kwa valini. Vernon Ingram ndiye aliyeligundua hilo katika miaka ya 1950. Valini hukwepa maji, hivyo hemoglobini ikishaachia oksijeni hunasana na wenzake, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu zinazoivuta seli hadi ipindike kama mundu.

Ningekushauri upange shanga 146 za rangi moja, isipokuwa ya sita. Usiifanye ya sita iwe kubwa wala ya kutisha. Jirani akihesabu kwa kidole mpaka aifikie, atakuwa ameona jinsi kosa lilivyo dogo, na kwamba halikutokana na mwenendo wa mtu yeyote nyumbani.

Protini zina rangi gani?

Nyingi hazina rangi, kwa hiyo chagua upendavyo. Hemoglobini ni nyekundu kwa sababu ya hemu, sehemu yake yenye chuma. Kwa sisi wa mji wa shaba, hata hivyo, napendekeza hemosiyanini, protini ya damu ya konokono, ambayo hushika kila molekuli ya oksijeni kwa atomu mbili za shaba, na ikishaishika hugeuka buluu.

Je, tunatengeneza sanaa au vifaa vya kufundishia?

Mchongaji Julian Voss-Andreae, aliyesomea fizikia, alitengeneza mwaka 2005 sanamu ya hemoglobini, lakini si kwa chuma cha pua: alichagua kwa makusudi chuma kinachoshika kutu, akakiweka nje huko Oregon, Marekani, na hewa ikakigeuza polepole kuwa chekundu. Oksijeni ilishikana na chuma cha sanamu kama inavyoshikwa na chuma kilichomo katika damu. Kazi ya protini imeingia katika maada yenyewe, na hapo ndipo ninapoiona sanaa.

Nimekwisha kulehemu, na rafiki anasema hesi zangu zinazunguka upande usiofaa. Nikiigeuza sanamu juu chini itakuwa sawa?

Haitakuwa sawa, kwa sababu hesi haibadili upande inakozungukia kwa kugeuzwa juu chini. Isimamishe na utazame waya ulio mbele yako: ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia, ni sahihi. Ikiwa ni hesi peke yake zilizokosewa, zikate kwenye maungio, zipashe moto, uzizungushe upya. Lakini ikiwa uliiga picha iliyogeuzwa kama katika kioo, njia yote ya mnyororo imegeuka pamoja nazo, na itakulazimu kuanza na waya mpya.